Na Mizizi Yake

Mwalimu wa sayansi hajawahi kunirudishia jembe likiwa safi. Najua kwa sababu funguo za stoo ya shule ninazo mimi, na kila Jumamosi anapowapeleka wanafunzi kusafisha kingo za mto, yeye hurudi wa mwisho, matope hadi magotini, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Sauti yake ni ndogo, watoto humsogelea ili wamsikie. Wakipalilia, huwaambia lile lile: "Msiyakate majani, wanangu. Ng'oeni taratibu, na mizizi yake." Kisha huwaonyesha, vidole vikizama udongoni kama anayetafuta pete iliyomponyoka.

Juzi nilishuka mtoni kudai toroli langu, nikakuta kazi imesimama. Wanafunzi wapya, kwa bidii zao, walikuwa wameng'oa miche yote ya miti iliyopandwa na wenzao muhula uliopita, wakidhani ni magugu. Kiranja wao alikuwa analia waziwazi. Mimi ningefoka. Mwalimu alichuchumaa, akaokota mche mmoja, akaugeuza polepole kiganjani.

"Mizizi mizima," alisema. "Hakuna hata mmoja uliokatika. Nani kawafundisha kazi nzuri hivi?"

"Wewe, Mwalimu," kiranja alijibu, akijifuta kamasi kwa mkono.

"Basi leteni maji haraka, tuirudishie."

Jioni alinijazia daftari la stoo. Penye kazi iliyofanyika aliandika: "Somo la kupanda upya. Wote wamefaulu." Nikatia sahihi, na majembe nikayaosha mwenyewe.