Maji ya Jumapili

Katika miaka ya hamsini niliajiriwa kuendesha injini ya maji kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Njoro. Kisima chetu kilikuwa kirefu, kimechimbwa kwa mashine. Ng'ambo ya seng'enge, katika shamba la mzungu mwingine, wafanyakazi walikuwa na kisima chao kifupi walichochimba kwa majembe. Fundi aliyechimba chetu alituonya kwamba maji ya chini ni yale yale. Tukivuta sana huku, kule yatashuka. Wazungu hao wawili wakakubaliana injini yetu izimwe saa sita mchana kila siku, ili kisima cha wafanyakazi kipate kujaa tena.

Niliitii amri hiyo Jumatatu hadi Ijumaa. Sikutaka kushika kazi siku ya Bwana, na ng'ombe walitaka maji, kwa hiyo Jumamosi niliacha injini ingurume mpaka jua lilipotua, tangi lijae maji ya siku mbili. Nilijiambia kwamba siku moja haidhuru. Nilijiona mcha Mungu.

Nilikuwa pia mwalimu wa dini; kila Jumapili niliongoza ibada katika banda la kukaushia maua ya pareto, na watu wa ng'ambo walihudhuria pia. Mjane mmoja mwenye watoto wanne alikuwa akifika amechelewa, nguo imelowa mgongoni.

"Mwalimu, tuombee kisima chetu," aliniambia. "Kila Jumapili ni matope matupu. Tunashuka mtoni alfajiri."

"Labda kuna dhambi kati yenu, mama."

"Basi ni dhambi inayojua kalenda," akasema, na wenzake wakacheka.

Niliwaombea, tena kwa sauti kubwa.

Ijumaa moja mkanda wa injini ulikatika, na Jumamosi nzima injini ikanyamaza. Jumapili yule mjane alifika wa kwanza, nguo kavu, akapiga vigelegele mlangoni.

"Mwalimu, maombi yako yamejibiwa! Kisima kimejaa!"

Watu wakanishika mikono kunishukuru. Hapo nilielewa kila kitu. Nilifungua kinywa niwaambie, badala yake nikatangaza wimbo.

Mkanda ulitengenezwa. Jumamosi iliyofuata ningeweza kuzima injini saa sita, lakini ingenibidi kuiwasha Jumapili, na waumini wangesikia mngurumo wake. Wangesema mwalimu anavunja siku ya Bwana. Niliogopa masikio yao kuliko macho ya Mungu. Nikaiacha ingurume Jumamosi hiyo, na mbili zilizofuata.

Ndipo watoto wa ng'ambo walipoumwa na tumbo kwa kunywa matope yale, na mzungu wao akaamuru kisima kifukiwe. Tangu hapo wanawake walikwenda mtoni kila siku.

Nilimngoja yule mjane kwenye njia ya mtoni, nikamweleza yote. Alinisikiliza ameinama, debe likiwa mgongoni.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ningekuja kuiwasha mwenyewe hiyo Jumapili. Mimi siku hiyo nilikuwa kazini tayari."

Nilimwomba nimbebee debe. Alikataa, akaendelea kupanda mlima.

Namshukuru Mungu kwa kunivumilia, maana amenipa miaka mingi ya kutubu. Lakini Jumapili iliyofuata mama huyo hakuja ibadani. Waumini waliniuliza yuko wapi. Nilisema sijui, nikafungua Biblia.