Jedwali Langu la Wiski

Mwaka 2018 mume wangu alikuwa akibeba mizigo ya wageni katika hoteli moja ya katikati ya Dallas, na mgongo wake ulikuwa umekataa. Akiinama kufunga kamba za viatu, alishika ukuta. Kwa hiyo nafasi ilipotokea katika baa ya hoteli hiyohiyo, baa ya wiski za Uskoti tupu, nilimwambia aombe. Sharti lilikuwa mtihani: ajue maeneo matano zinakotoka, na tabia ya kila moja.

Mimi ni muuguzi, naimba kwaya, na pombe sijaionja maishani. Lakini kusomea mtihani nakujua. Nilichora jedwali la safu tano nikalibandika kwenye friji yetu pale Garland, nje kidogo ya Dallas. Islay, moshi na dawa. Speyside, matunda na asali. Highlands, inategemea kiwanda. Lowlands, nyepesi, harufu ya nyasi. Campbeltown, chumvichumvi, mji uliojaa viwanda zamani na sasa vimebaki vitatu. Nilinunua hata vichupa vidogo vya kujifunzia, nikavificha nyuma ya unga wa ugali ili wanakwaya wenzangu wasivione.

Kila jioni nilimuuliza maswali. Kila jioni alinichosha.

"Hii?" Nilimsogezea glasi.

Alinusa, akafumba macho. "Kibuyu cha mama."

"Baba watoto, mama yako hakuzaliwa Uskoti."

"Kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa. Nusa mwenyewe."

"Sema Islay. Sema wanachoma udongo wa kinamasi kukausha shayiri, ndiyo sababu ya huo moshi. Mgeni ametoka Chicago, kibuyu cha mama yako atakijulia wapi?"

"Nitamweleza."

"Utamweleza mpaka baa ifungwe."

Ubaya ni kwamba pua yake ilikuwa nzuri kuliko jedwali langu. Alitenganisha wiski mbili za Highlands, ya pwani na ya bara, ambazo mimi nilikuwa nimeziweka safu moja. Hilo liliniudhi. Kisha akaanza mambo ya ramani. Alifungua simu, akaufuata mto Spey kwa kidole.

"Mama, hii Speyside iko ndani ya Highlands."

"Ni maeneo mawili. Ona, safu mbili."

"Safu umechora wewe. Mto amechora Mungu."

"Uta-fail hii kitu kwa sababu ya ubishi! Jibu vile karatasi inasema."

Akaizima simu. Nikadhani nimeshinda.

Siku ya mtihani nilimsubiri garini nikiwa na sare ya kazi. Alitoka akitembea polepole, akaingia kwa vituo vitatu, kama waingiavyo wenye mgongo mbovu: mkono, kiuno, mguu.

Akanisimulia: glasi zote tano alizipatia. Lakini na dada mmoja wa mapokezi alizipatia zote. Ili kuwatenganisha, meneja akawauliza swali moja: mgeni akitaka kujua Speyside iko wapi, je, ni jirani ya Highlands au imo ndani yake?

"Ukasema?"

"Jirani."

"Lakini ulijua!"

"Nilijua. Nikajibu vile karatasi inasema."

Yule dada alisema imo ndani. Baa ikawa yake.

Niliwasha gari, nikalizima. Nilitafuta wa kumlaumu, meneja, dada wa watu, Waskoti wenyewe, na kila nilikopita nilikuta mwandiko wangu.

"Nisamehe," nilisema.

"Ni sawa," akajibu, kama mtu aliyemwagiwa chai kidogo tu. Hapo ndipo niliudhika kabisa. Ningependa apige kelele, avunje hata kile kioo cha pembeni. Badala yake akaniuliza kama nitachelewa zamu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa akirudi kwenye mizigo. Alisimama jikoni, mikono juu, nami nikamzungushia mkanda mpana wa kiunoni, ule wa kumshikia mgongo kazini.

"Juu kidogo, mama."

Nikaupandisha.

"Hapo umepitiliza."

Nikaushusha.