Mwalimu Wakio na Dansi ya Ncha za Vidole

Kule Rukanga, chini ya mlima Kasigau, kuna mnyama mdogo wa majabalini aitwaye mbuzi mawe. Yeye hakanyagi kama mbuzi wa nyumbani. Husimama juu ya ncha za kwato zake, pembeni kabisa ya jabali, mahali ambapo hata jiwe lenyewe linaogopa kukaa, na anatulia hapo kama aliyeketi kwenye kiti. Watoto wachungaji humtazama midomo wazi hadi mbuzi wao wenyewe wanaingia kwenye mtama wa watu.

Wakio alikulia hapo. Alikuwa msichana mrefu, mpole, wa kuinamisha macho mbele ya wakubwa kama alivyofunzwa na mama yake, Alice. Baba yake alifariki mapema, na shule ikaishia darasa la saba. Mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru akapanda gari la moshi pale Voi, daraja la tatu, akaenda Nairobi kutafuta kazi.

Kazi aliyoipata haikuwa ya jikoni. Misi Lorima, mama mmoja wa Kizungu asiye na mume wala mtoto, alikuwa na ukumbi wenye sakafu ya mbao. Humo alifundisha dansi ya kwao inayoitwa bale. Alitaka mtu wa kufagia, kuchemsha chai, na kusaga ulimbo mkavu na kuutia kwenye sinia, ili wachezaji waukanyage wasiteleze.

Siku ya kwanza Wakio alikuwa amepiga magoti akipangusa sakafu, na msichana mmoja mkubwa akainuka mbele yake. Hakuruka. Aliinuka tu, polepole, kama moshi wa asubuhi siku isiyo na upepo, hadi akasimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Na hapo akakaa. Wakio akasahau kitambaa. Akasahau na kufunga mdomo. Nywele zilimsimama mikononi, na neno lililomjia halikuwa la Nairobi, lilikuwa la nyumbani: mbuzi mawe.

Tangu hapo hakufagia sawasawa. Watu wakiondoka, alishika mti wa ufagio kwa mkono mmoja, akainua mguu, akaushusha, akaurudisha. Misi Lorima akamkuta.

"Wakio! Unafanya nini na ufagio?"

"Nafagia, Misi."

"Ufagio gani huo unafagia hewa?"

Wakio akataka ardhi immeze. Lakini Misi alivuta kiti, akaketi. "Inua tena," akasema. "Tena. Goti litazame nje." Akamwangalia kitambo. "Mchezaji huanza na miaka saba. Wewe umechelewa, watu hawatalipa kukuona. Lakini wasaidizi wangu wote wanarudi Ulaya, na mwalimu ni jambo lingine. Mwalimu anaweza kutengenezwa. Utavumilia?"

Alivumilia. Na kama kuna mtu anafikiri mwalimu wa bale ni mtu wa kurukaruka tu, angemwuliza Wakio miaka ile. Kwanza mwili wake mwenyewe ulivunjwa ukajengwa upya, nyonga, kifundo, mgongo, mpaka akawa anapanda kitandani kwa mikono. Halafu majina ya hatua, yote kwa Kifaransa, yakimkwaruza ulimi kama ganda la muwa. Halafu muziki, ajue kuuhesabu hata akiwa amelala. Halafu mifupa. Misi alikuwa na picha ya mtu asiye na nyama, na Wakio alijifunza kila mfupa wa mguu. Hapo ndipo hofu njema ilipomwingia. Alijua sasa kwamba mifupa ya mtoto ni kama mahindi mabichi, na mwalimu mwenye haraka akimsimamisha mtoto kwenye vidole kabla ya wakati, amemharibia maisha. Alikuwa akiutazama mguu wa mtoto, udogo wake, na kujiuliza ni nani aliyemwamini yeye na kitu kama hicho.

Baada ya hayo yote aliketi nyuma ya darasa mwaka mzima bila kusema neno, akitazama tu. Ndipo akapewa watoto wadogo kabisa, Misi akiwa nyuma yake.

Mwisho wa mafunzo ni mtahini. Kila mwaka chama cha walimu wa bale huko Uingereza kilimleta mama mmoja mzee mwenye daftari na kengele ndogo. Wakio akafundisha mbele yake. Akaanguka mtihani.

"Amesema unajua kazi," Misi alimweleza. "Lakini amesema hakumsikia mwalimu, na mwalimu hakuwatazama watoto."

"Misi, yule ni mkubwa wangu. Nitapaza sauti na kukodoa macho mbele yake, mimi ni mtoto wa nani?"

"Hukutakiwa kumtazama yeye. Watoto."

"Niliwatazama miguu."

"Miguu haina hofu, Wakio. Hofu iko usoni."

Mwaka uliofuata Misi Lorima akauza ukumbi, akaenda zake kwao. Wazazi wa Nairobi walitaka cheti, na Wakio hakuwa nacho. Chama kilimwachia nafasi moja ya mwisho: akusanye darasa lake mwenyewe, na mtahini atalikagua. Akafunga mizigo, akarudi Voi.

Pale stesheni palikuwa na Nashon, gadi wa treni za mizigo, Mmaragoli mcheshi aliyekuwa mwandishi wa kamati ya klabu ya wafanyakazi wa reli. Klabu ilikuwa na kitu ambacho Voi nzima haikuwa nacho: sakafu ya mbao.

"Dansi ya kusimama kwa vidole?" Nashon aliuliza. "Sisi hapa hata kwa unyayo tunaanguka, hasa mwisho wa mwezi." Akacheka, kisha akaona Wakio hacheki. "Sikiza, dada. Kamati itakupa ukumbi Jumamosi mpaka huyo mtahini aje. Ukipata cheti, ukumbi ni wako. Ukikosa, wazee wanarudisha meza za karata. Mimi nitakupigia kodiani yangu, na msichana wangu Selpha utaanza naye."

Watoto wakaja, wa reli, wa makarani, wa mashamba ya mkonge. Mti wa ukutani, ambao wachezaji wa bale hushika wakifanya mazoezi, haukupatikana, basi Wakio akafunga boriti ya mkonge, ule mti mwepesi wa ua lake. Mkonge ukiuegemea unavunjika. Wawili waliuegemea, wakaanguka nao, wakachekwa. Baada ya hapo kila mtoto alijifunza kuuwekea vidole tu, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri hadi Wakio alipopanda kwao kumsalimu mama. Asubuhi na mapema alitoka nyuma ya jiko kufanya mazoezi, amevaa viatu vyake vya ncha ngumu. Alice alikuwa anarudi na kuni. Alipopinda kona akamwona bintiye amesimama juu ya vidole, mikono imepanda, macho yametulia mbali, hapepesi. Kuni zikaanguka.

"Shindwa!" Alice akapiga kelele. "Shindwa kwa jina la Yesu!"

Si kwamba alikuwa mjinga. Mama yake Alice, yaani nyanya yake Wakio, alikuwa mcheza mwazindika, ile ngoma ya pepo ya Wataita, na zile ngoma ndefu zilipolia alikuwa anachukuliwa, anatetemeka, anakwenda asikojua mtu. Alice aliokoka akiwa msichana, lakini macho yale hakuyasahau. Sasa ameyaona kwa mtoto wake. Akaenda kwa akina mama wa kanisa, wakaomba. Na maombi yana miguu. Kabla ya juma kuisha, Voi yote ilikuwa inasema Wakio anawafundisha watoto mwazindika ya Kizungu. Jumamosi ilipofika, kwenye boriti ya mkonge alisimama Selpha peke yake.

"Bila watoto hakuna mtihani," Wakio alimwambia Nashon.

"Basi panda kwa mama yako," Nashon akasema. "Aliyefunga mlango ndiye ana ufunguo."

Alipanda. Akamkuta Alice anachambua kunde, hakuinua uso.

"Mama, nimekuja."

"Umekuja wewe, ama umekuja naye?"

"Na nani, mama?"

"Huyo aliyekuinua."

"Nilijiinua mwenyewe. Nimejifunza miaka mingi mama, imeniuma mpaka nikalia. Pepo hahitaji kujifunza."

Alice akachota kunde nyingine. Kunde ziliendelea kudondoka kwenye ungo. "Nikwambie kitu," akasema. "Mtu aliyechukuliwa humwiti akaitika. Nilikuwa mdogo, nina njaa, nikamwita mama yangu katikati ya ngoma. Mama! Mama! Mpaka koo likakauka. Alipita karibu nami hivi, nguo yake ikanigusa. Hakunisikia."

Wakio hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Akaketi chini, karibu na magoti ya mama yake.

"Basi njoo Voi," akasema. "Njoo siku hiyo ya mtahini. Uniite."

"Nitakuja. Na akina mama wote nitawaambia walete watoto siku hiyo, waone kwa macho yao. Lakini usipoitika, Wakio, kila mmoja atamshika wake mkono, na ukumbi huo hutauingia tena."

Mtahini alikuwa yuleyule mama mzee. Alikuwa anapitia Voi kuelekea Mombasa, ashuke kwa treni ya asubuhi, apande ya jioni. Akawekewa meza, daftari na kengele. Nyuma wakajipanga akina mama na leso zao, Alice katikati, Biblia mapajani. Nashon akavuta kodiani.

Wakio alianza, na mwili ukamsaliti. Mkubwa mmoja mbele, mkubwa mmoja nyuma: sauti ikashuka ikawa ya kunong'ona, macho yakateremka miguuni kwa watoto. Aliisikia kalamu ya mtahini ikienda mbio. Alijua kalamu hiyo inaandika nini, maana alikwisha kuisikia Nairobi.

Watoto wakaja katikati ya sakafu kwa zoezi la kusimama. Kodiani ikalainika. Kila mmoja akainua mguu nyuma, mkono mbele, na Wakio mbele yao hivyohivyo, akiwaonyesha.

Alice akasimama.

"Wakio!"

Mtoto wa Kitaita akiitwa na mama yake anaitika. Hilo halina mtahini. Kichwa cha Wakio kikainuka, macho yakavuka vichwa vyote mpaka kwa mama yake, na sauti ikatoka ambayo hata yeye hakujua anayo, ikagonga mabati juu:

"Abee, mama!"

Mguu wake haukushuka.

Na kwa kuwa macho yalikwisha kuinuka, akaziona nyuso. Selpha amebana midomo, karibu kulia. Mdogo mmoja amefumba macho. Hofu iko usoni, alivyoambiwa. "Pumueni," akasema kwa sauti ileile kubwa. "Selpha, legeza taya. Huyo ni mama yangu, hali watu." Watoto wakatabasamu, na migongo ikanyooka yenyewe.

"Selpha!" Alice akaita.

"Abee, nyanya!"

Akamwita mwingine. Ndipo akina mama nao, kama waliotekenywa, wakaanza kuwaita wao. "Mbithe!" "Abee!" "Mable!" "Abee, mama!" Majina yakarushwa kutoka nyuma, majibu yakarudi kutoka mbele, watoto wamesimama kwa mguu mmoja kama mbuzi mawe juu ya jabali, wanaitwa na wanaitika, na hakuna aliyetikisika. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso. Nashon alisahau kuvuta kodiani, lakini zoezi liliendelea bila muziki.

Alice aliketi tena kwenye benchi taratibu. Machozi yalikuwa yanampita mashavuni, hakuyafuta. "Wako hapa," akamwambia jirani yake. "Tazama jinsi walivyo mbali, na wote wako hapa."

Mtahini akagonga kengele. Aliuliza kwa Kiingereza, hiyo ya kuita majina ni njia ya mafunzo? Wakio angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa sifa. Akasema ukweli: yule ni mama yangu, alikuwa anapima kama tumepagawa. Mtahini alimtazama Alice, akamtazama Wakio, ambaye safari hii hakuinamisha macho.

"Endelea, mwalimu," akasema.

Watahini hawaruhusiwi kutoa matokeo siku hiyohiyo. Jioni wakamsindikiza stesheni, Wakio na mama yake wamesimama pembeni bila kujua lolote. Sasa, katika bale kuna desturi: darasa likiisha, wanafunzi humwinamia mwalimu, mguu nyuma, kichwa chini, kumshukuru. Mtahini alipokwisha kupanda, gadi wa treni hiyo akapuliza filimbi, treni ikajivuta. Mama mzee yule akatokea mlangoni mwa behewa. Akashika chuma kwa mkono mmoja, akarudisha mguu nyuma, akamwinamia Wakio, taratibu, hadi chini.

Wakio akashika mdomo.

"Mkubwa anamwinamia mdogo?" Alice akauliza. "Maana yake nini?"

"Maana yake nimepita, mama."

Cheti kilikuja baadaye, kikatundikwa ukutani juu ya boriti ya mkonge, na meza za karata hazikurudi. Wakio alifundisha hapo miaka yote ya sabini na mingi ya themanini. Wanafunzi wake wengi waliishia kuwa makarani, wauguzi na wakulima kama watu wengine, ila ukiwaona kwenye foleni ya posta ulijua kwa migongo. Selpha ndiye aliyefuata njia yenyewe, mifupa, Kifaransa na yote, akawa mwalimu. Lakini kabla ya kupelekwa kwa mtahini alikuwa na mtihani mwingine wa kupita kwanza. Mlangoni pa ukumbi, kila Jumamosi, aliketi kikongwe kutoka Rukanga na Biblia yake. Alisubiri mpaka mtu amepanda juu kabisa, juu ya ncha za vidole, pale ambapo macho huanza kutazama mbali.

Hapo ndipo alipomwita kwa jina.