Kilima Kwenye Grafu

Yule binti anayesomea shahada ya uzamivu ya fizikia katika maabara yetu hapa Daejeon hajui kutulia. Kazi yake ni kurusha elektroni zigonge molekuli za gesi ndani ya chungu cha chuma kilichofyonzwa hewa, kisha kuhesabu zinavyotawanyika. Mashine ikihesabu, yeye huzunguka meza, hutafuna kifuniko cha kalamu, hugusa kila nati niliyoikaza mimi fundi. Ana vidole vifupi, vyenye nguvu, vya watu wa mashamba ya mapeasi kule Naju. "Mjomba, hapa hapavuji?" huniuliza mara kumi kwa siku. "Kinachovuja ni mdomo wako tu," humjibu.

Mwezi wa Machi grafu yake ilitoa kilima kidogo ambacho hakuna aliyewahi kukiona, na msimamizi wake, Profesa Pyo, akaandika makala kwa furaha. Siku ya kuituma, tukila pamoja chakula cha mchana, binti hakugusa kijiko. Mguu wake ulitikisa meza mpaka supu ya kimchi ikamwagika. Mara akasimama.

"Profesa, usiitume. Asubuhi nimeondoa gesi yetu yote, nikapima chungu kitupu. Kilima bado kipo. Ni mvuke wa maji uliobaki, si molekuli yetu."

Profesa aliweka vijiti chini. "Unajua hiyo ni miaka yako mitatu?"

"Najua."

Profesa akamsogezea bakuli lake mwenyewe la wali. "Haya, kula kwanza."

Lakini binti alikuwa ameshafika mlangoni. "Mjomba, njoo na spana, tukifungue chungu tukikaushe!"

Nikaiacha supu yangu.