Niliuficha Ufunguo wa Kigari cha Gofu kwa Wivu

Kosa ni langu. Nasema mapema ili usije ukanionea huruma ukifika katikati. Mume wangu hakunikosea, na yule mama hakunikosea. Ni mimi na wivu wangu!

Nyumbani ni Kalama. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini mume wangu, Baba Mwende, alikuwa akifyeka nyasi kwenye kilabu kimoja cha gofu hapa Machakos. Kisha wakaleta kigari cha kubebea watu wenye miguu mibovu, kile kidogo kisicho na milango, kinachotembea kwa betri. Akapewa yeye akiendeshe na akilinde.

Jamani, alikilinda! Kila jioni alikifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya stoo, akatia kufuli, akavuta tena kuhakikisha. Wezi walizimezea mate zile betri, maana kwetu hakukuwa na stima, na aliyetaka kutazama televisheni alihitaji betri. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mmoja tu, mfukoni mwake. Halafu alikipangusa kigari kwa kitambaa cha sabuni, taratibu! Mimi sijawahi kupanguswa hata vumbi la kiatu.

Lakini kilichoniumiza hasa ni abiria. Jirani yangu, Mama Kioko, aliuza nyanya karibu na kilabu, na yeye ndiye aliyeniletea habari.

"Mama Mwende, wewe umekaa tu? Bwanako siku hizi anabebana na mama fulani kwa hako kagari. Ananukia mpaka barabarani!"

"Mama gani?"

"Ule wa duka ya vitambaa huko mjini. Mjane."

Mjane! Siku moja nikajifanya naenda sokoni, nikasimama nje ya ua wa kilabu nikichungulia. Nikawaona. Mume wangu alimshika mkono yule mama akimteremsha polepole, na mama akacheka chini ya mtandio wake. Mimi nilipanda vilima vya Kalama na mimba ya Mwende na mtungi wa maji mgongoni, na hakuna aliyenishika mkono!

Ningemuuliza siku ile ile. Sikuuliza. Niliogopa jibu.

Jumapili nikifua suruali yake nikautoa ule ufunguo, nikaufukia ndani ya debe la mahindi. Nilitaka aonekane mzembe, anyang'anywe kigari, arudi kwenye nyasi zake. Naapa sikutaka kiibiwe.

Alipoukosa aligeuza nyumba nzima.

"Mama Mwende, hujaona kafunguo kangu?"

"Mimi nitaona wapi? Uliza hao unabebanga."

Akanitazama bila kuelewa. Kule kazini akakata kufuli kwa msumeno, na mnyororo akaufunga kwa waya. Aliogopa kumwambia meneja, akasema akilipwa atanunua kufuli lingine kimyakimya. Na kwa kuwa waya si kufuli, akaamua kulala huko huko stoo, ubavuni mwa kigari.

Yaani nilimfukuza kitandani kwangu kwa mkono wangu mwenyewe! Lakini wivu hauna akili. Mimi niliona mjane tu.

Kisha asubuhi moja Mama Kioko akaleta mpya: leo kuna mashindano, nyama itachomwa mpaka jioni, na yule mama atakuwepo. Hapo nikarukwa na akili. Nikamwambia, "Ukimwona Baba Mwende, mwambie mtoto ana homa kali." Wakati nasema hivyo, Mwende alikuwa uani akiruka kamba. Mungu anisamehe.

Baba Mwende alikuja mbio, jasho linamtiririka, na machungwa kwenye mfuko. Mtoto akamrukia shingoni.

"Hana joto," akasema.

"Imeshuka."

Alifurahi hata hakuuliza zaidi. Alikula, akalala fofofo. Nami nikajilaza pembeni yake nikijiona mshindi!

Asubuhi polisi wakaja kumchukua. Wezi walikuwa wamekata waya, wakakisukuma kigari mpaka bondeni, wakang'oa betri zote na kukiacha kimepinduka matopeni. Polisi wakamuuliza: kufuli liko wapi, na kwa nini usiku ule tu hukuwepo? Wakamweka ndani.

Nilipompelekea chakula kituoni nikamkuta yule mjane. Alikuja na fimbo, goti limefungwa bandeji. Kwa karibu nikaona ni rika la mama yangu mzazi!

"Huyu kijana ni mwaminifu," alikuwa akiwaambia. "Marehemu bwanangu alikuwa anacheza hapo. Mimi siwezi kutembea, na huyu ananizungusha kama mtoto wangu. Hawezi kuiba."

Aliponiona akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Mtoto amepata nafuu?"

Nilitamani ardhi inimeze!

Walimwachilia, lakini kazi ikaenda, na jina likaenda nayo. Watu walisema aliuza betri. Ilibidi nimwambie. Nikamwekea ufunguo mezani, nikalia, nikasema yote. Nilidhani atanipiga. Aliuangalia kidogo tu.

"Na Mwende? Hakuwa mgonjwa?"

"Hakuwa."

"Nilikuja njia yote nikimwombea," akasema, akatoka nje.

Siku hizi analinda machimbo ya mawe huko Lukenya. Huleta pesa za matumizi, hunisalimu vizuri, huniuliza kama mvua imenyesha. Hajanitajia lile kosa hata mara moja. Ningependa anitukane!

Majuzi Mwende aliugua kweli, malaria ya kumtetemesha. Nikatuma mtu Lukenya. Baba yake hakuja. Alimtuma kwanza mfanyakazi mwenzake aje kumtazama mtoto kama kweli anaumwa. Yule mwanamume alisimama mlangoni kwangu kwa aibu, hajui aangalie wapi. Baba Mwende alifika kesho yake. Mtoto alipona, namshukuru Mungu.

Dada zangu, ukimshuku mumeo, muulize. Gombaneni mpaka majirani wasikie! Mkigombana mtapatana. Wangu hagombani na mimi tena. Nikimwambia kitu, anaitikia kwa upole, kisha anamuuliza mtoto.