Asali ya Inyonga Kwenye Milima ya Gondar

Siku yangu ya kwanza kazini Inyonga, Bwana Nyuki wa Wilaya aliniangalia kuanzia viatu hadi kola, akauliza, "Umeshaumwa?"

"Bado, mzee."

"Basi hujaajiriwa."

Kabla jua halijatua nilikuwa nimeajiriwa, jicho moja limevimba.

Bwana nyuki, kwa nyie mliozaliwa juzi, ni mtumishi anayewafundisha wafugaji kutunza mizinga na kurina, yaani kuvuna asali. Kutoka Inyonga nilihamishiwa Mishamo, kisha Mpanda mjini. Darasani sikukaa sana. Mengi nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima na kwa mizinga yenyewe. Afisa Nyuki wa Mkoa alikuwa hachoki kutuambia, "Moshi ni wa kumtuliza nyuki, si wa kuipika asali."

Nilipokaribia kustaafu, yeye ndiye aliyenituma Gondar, mji wa kale milimani Ethiopia, nikiwa na chupa ya asali. Huko wanatengeneza kinywaji cha asali, na wafugaji wa Inyonga walitaka kujua kama yetu itakubalika.

Mji ule unapendeza. Una ngome za mawe za wafalme wa zamani, zenye minara ya mviringo, vichochoro vya kupanda, baridi ya kuvaa makoti mawili, na harufu ya kahawa inayokaangwa milangoni.

Mkalimani wangu alinipeleka kwa mama mmoja mtengenezaji wa kinywaji hicho. "Huyu akikataa," alinionya, "wenzake wote watakataa."

Mama akainua chupa dirishani. Asali yao ni nyeupe kama samli. Yetu imekolea kama chai ya rangi.

"Anasema mmeiunguza."

"Mwambie aionje."

"Anasema yeye hali makaa."

Sikubishana. Nilifanya kama warina asali wa Kikonongo, wenyeji wa Inyonga, wanavyomkaribisha mgeni: nikamimina kidogo kiganjani, nikalamba mwenyewe kwanza, ajue haina ubaya.

Mama akacheka kwa sauti. Kumbe na kwao anayemimina kinywaji huonja kwanza kiganjani mwake! Akanyoosha mkono. Akalamba, akalamba tena.

"Haina moshi," mkalimani akatafsiri. "Waambie wafugaji wenu wailete. Na anauliza, ni maua ya mti gani?"

"Muyombo."

Akalikosea jina, nikamrekebisha, akalirudia mpaka likakaa.

Sasa nimestaafu, nalima kijijini Kasokola. Mkija mnaniulizia ngome za wafalme, nami nawasimulia, maana ni nzuri kweli. Ila kazi ya bwana nyuki haina mnara. Ukiifanya sawasawa, mtu analamba kiganja chake halafu anaulizia mti, wewe hakuulizii.