Mkono wa Luhaga Ndani ya Gunia

Tangu makampuni binafsi yaruhusiwe kununua pamba, kila moja ikaja kijijini Kasoli na mizani yake, Luhaga alikuwa karani wa mizani, na hakuwahi kuliamini gunia kwa macho. Juu pamba nyeupe, katikati mchanga au jiwe la kuongeza uzito. Wakulima alikuwa anawajua. Alizamisha mkono wa kulia mpaka kwapani, akapapasa, akataja kilichomo. Walimwita daktari wa magunia, naye cheo hakukikataa.

Kisha mkono ukalala. Kiharusi kidogo, wakasema madaktari wa Mwanza. Mshipa mmoja wa ubongo umebana, bila shaka ni mafuta. Akameza vidonge vya mafuta na vya kuzuia damu kuganda bila kuruka hata siku moja. Baada ya miezi mitatu kikampiga tena, kijiko kikamponyoka mezani. Hapo aliogopa.

Mkewe, Milembe, akampeleka tena Mwanza kwa Daktari Philomena, aliyempima mara ya kwanza. Luhaga akamsalimia kwa Kisukuma, kisha akauliza:

“Mwangaluka, daktari. Umeona njia imebana. Hicho kilichoibana, umekiona?”

Daktari aliitazama tena picha ya kwanza ya kichwa. Akakiri kwamba picha ile huonyesha damu inavyopita tu. Ipo picha nyingine ya MRI inayoonyesha ukuta wenyewe wa mshipa, ila ni mpaka Dar es Salaam.

“Kumbe mmenipima kwa macho!” Luhaga akasema. Alikasirika kikazi.

Waliuza madume mawili ya ng'ombe, wakapanda basi. Picha ikaonyesha ukuta wa mshipa umevimba kuuzunguka wote, jambo ambalo mafuta hayana desturi nalo, na vipimo vingine vikakubali. Mwili ulikuwa unaishambulia mishipa yake wenyewe. Akabadilishiwa dawa, akapewa za kutuliza uvimbe huo. Kiharusi hakikurudi. Mkono ukaamka polepole, na Luhaga akamwambia kila mtu kwamba amepona. Milembe akawa anavitazama vidole vyake tu.

Msimu ulipofunguliwa alirudi kwenye mizani. Gunia la kwanza lilitoka nyumbani kwake, limeletwa na Milembe, mama wa binti yake Minza. Akazamisha mkono, akapapasa, akatulia.

“Mama Minza, gunia lako lina jiwe.”

“La ukubwa gani?”

“Kama yai la kuku. Limevunjika upande mmoja.”

Watu wakacheka: karani anaibiwa na mkewe! Milembe alikaa chini vumbini, akalia kwa sauti. Jiwe lile alikuwa amelichagua mwenyewe, akalivunja upande, akalificha ili ajue kama vidole vile vimerudi kweli.

Luhaga alilitoa, akalitia mfukoni, kisha akaliandika gunia daraja la pili, kama pamba yoyote chafu.